Hatua za Mpeleka Barua

Mzee alipeleka barua kwa miguu miaka thelathini na minne, na kama kuna kitu alichojivunia kupita kiasi, ni hatua zake. "Saa inaweza kukosea," alikuwa akisema, "lakini mguu wangu? Thubutu!" Majirani wakambandika jina la Babu Hatua, naye akalipokea kama cheo.

Nyumba yake ilikuwa juu ya genge, mlango wa nyuma ukitazama bahari. Enzi hizo watoto walikimbia uwani mpaka wakachoka, na mkewe alianika shuka nane bila kuzibananisha. Lakini mawimbi yalilichimba genge kwa chini, kidogo kidogo, juu pakabaki pananing'inia, na kila mvua kubwa ikaondoka na kipande. Mchanga wake mkondo uliuburuta kando ya pwani hadi ng'ambo ya ghuba, ambako ulimi wa mchanga ulizidi kurefuka mwaka hadi mwaka.

"Uwanja wetu umehamia kule," mkewe alitania, "tena bila hata kuaga."

Kila mwaka mzee alihesabu hatua kutoka mlangoni hadi ukingoni, akaandika kwa penseli kwenye mwimo wa mlango. Mwimo wa pili ulikuwa wa vimo vya watoto. Huku namba zilipanda, huku zilishuka. Mkewe, kabla hajafariki, alimwapisha: zikifika ishirini, ahame.

Mwaka huu binti yake alikuja na gari kumchukua. Mzee akahesabu mbele yake, kifua mbele.

"Ishirini na tatu! Bado nipo nipo sana."

Binti akapita palepale. "Kumi na nne, baba."

"Wewe una miguu ya twiga."

Binti alirudi mlangoni. Aliinama mwimoni, akasoma mstari wa kwanza kabisa, ulioandikwa siku walipohamia: hadi kisimani, hatua kumi.

"Kisima ni cha saruji, baba. Hakijasogea. Hebu nenda."

Akaenda. Kumi zikaisha kisima kikiwa bado mbele yake. Alikigusa kwa hatua ya kumi na sita.

Akaketi pale pale kisimani. Alihuzunika, tena sana, na aibu ikamshika: miaka yote hii alidhani kinacholiwa ni genge tu. Ahadi aliivunja zamani bila kujua. Mkewe angecheka mpaka ashike mbavu, na kumfikiria anavyocheka ndiko kulikomtoa machozi.

"Lete mtaimbo," akasema hatimaye. "Mwimo wa vimo vyenu siuachi."

"Na huu wa hatua?"

"Huo umeshadanganya vya kutosha."

Wakaung'oa ule wa vimo, binti akashika mbele, mzee nyuma, wakaelekea kwenye gari. Kwa mazoea midomo yake ikaanza: moja, mbili, tatu. Akanyamaza.

"Hesabu wewe," akamwambia binti.