Bi Ukurasa na Daraja la Baba Yake

Wanafunzi walimwita Bi Ukurasa. Alijua, na hakuchukia. Kwa miaka ishirini na sita alikaa kwenye kaunta ya maktaba ya manispaa akimwuliza kila aliyeleta insha: haya umeyatoa wapi, ukurasa wa ngapi? Aliyejibu kwamba ameyatoa kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo yeyote mwenye simu anaweza kuihariri, alirudishwa rafuni kwa upole, kama mtoto anayerudishwa kunawa mikono.

Ndiyo maana mwenzake wa kaunta alishika mbavu kwa kicheko siku alipomkuta Bi Ukurasa mwenyewe ameinamia kompyuta, anaihariri.

"Dada, umehama chama lini?"

Hakuwa amehama. Ni mama yake. Mama alikuwa na miaka themanini na miwili, jicho moja limeshazimika, la pili daktari amesema limebakiza miezi tu. Alikuwa amesikia kwamba daraja la waenda kwa miguu, lile linalovuka reli nyuma ya soko, lina ukurasa wake mtandaoni, akataka kuliona jina la mumewe hapo wakati bado anaona. Bi Ukurasa alipoufungua alikuta sentensi moja: daraja lilibuniwa na kujengwa na mhandisi wa manispaa.

Na daraja lilikuwa la baba. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na kuchora kwenye karatasi kulimshinda. Alichora kila kipande kwa ukubwa wake halisi, kwa chaki, sakafuni. Mwezi mzima viti vya sebuleni vililala barazani, na mama akapita kandokando ya ukuta amekusanya gauni lake mkononi asije akafuta mstari.

Bi Ukurasa alimwondoa mhandisi akaandika jina la baba. Kesho yake sentensi ya zamani ilikuwa imerudishwa na mhariri asiyemfahamu, aliyejiita Kipanga, ambaye aliacha maneno mawili tu: Chanzo gani?

Ilikuwa kama kusikia sauti yake mwenyewe ikitoka upande wa pili wa kaunta.

Alipekua magazeti ya zamani, akaomba majalada ya manispaa, akaambiwa yaliharibiwa na maji. Hakupata kitu. Alhamisi moja, maktaba ikiwa kimya, alichapa kijitabu cha kurasa sita kuhusu fundi aliyejenga daraja, akakigonga mhuri, akakipa namba ya rafu, na kwenye tarehe ya kuchapishwa akarudi nyuma miaka thelathini. Nani angekagua? Mkaguzi alikuwa yeye.

Alikaa nacho mapajani mpaka chai ikapoa. Kisha akakichana vipande vidogo vidogo, akaenda kwa mama kumwambia yote, hata lile la kijitabu.

Mama hakumgombeza. Aliuliza tu:

"Na huyo aliyemwandika mhandisi, yeye aliulizwa ukurasa wa ngapi?"

Miaka yote hiyo ya kuuliza, na swali hilo halikuwahi kumjia Bi Ukurasa.

Akamwandikia Kipanga. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, refu na la kiungwana: ametafuta kila mahali, hajaona ushahidi wowote wa mhandisi, na anaomba radhi kwa kuirudisha sentensi ile bila kuitazama vizuri. Ameiondoa.

Jumamosi asubuhi Bi Ukurasa aliketi kitandani kwa mama, akakuza maandishi mpaka mstari mmoja ukajaza kioo cha simu. Mama aliusoma kwa kidole, neno kwa neno: Mjenzi wake hajulikani kwa uhakika.

"Nisamehe, Mama. Nimeshindwa kumwingiza."

"Lakini mwingine umemtoa," mama akasema. Aliusoma tena, kana kwamba ni barua. "Afadhali hivi. Wamemwachia nafasi yake."

Halafu akauliza kama maktaba huweka maneno ya mtu aliye hai, aliyeona kwa macho yake. Bi Ukurasa akasema huwekwa, mradi iandikwe nani amesema na lini. Kama Kipanga atayakubali au la, hilo hakuweza kumwahidi.

"Basi chukua kalamu, mwanangu. Tepu ya kupimia ilikuwa na ncha mbili. Moja aliishika baba yako. Ya pili, andika, niliishika mimi."

Bi Ukurasa hakuwa amelijua hilo. Akaandika.