Sufuria Iliyoogelea Glenelg

Gitel Lustig alikuwa na miaka sabini na mbili, magoti mawili ya kubishana nayo kila asubuhi, na Sabato moja kwa wiki ambayo hakuwa tayari kumwachia mtu. Tangu alipoolewa na Mendel, Mungu amrehemu, haikupita Ijumaa hata moja jiko lake la Caulfield, mjini Melbourne, lisitoe harufu ya cholent. Nyama, maharagwe, viazi na shayiri, vyote katika sufuria moja, vikiwekwa motoni Ijumaa kabla jua halijazama na kuliwa Jumamosi mchana. Miaka ile ya kushona vifungo kiwandani alipika. Wiki aliyojifungua Naftali alipika, mtoto kwapani. Hata wiki ya msiba wa Mendel, majirani walipoleta vyakula vyao, alivionja, akakunja uso, akaingia jikoni mwenyewe.

Sasa ikatokea ile Ijumaa ya Novemba. Supu iliungua kwa sababu Gitel alikaa kitini kufumba macho kidogo tu, na king'ora cha moshi kikaleta gari la zimamoto na vijana wanne wenye kofia za chuma. Gitel aliwakatia keki, wakala, wakashukuru. Naftali, mwanawe, alicheka. Yaffa, mkewe Naftali, hakucheka. Yaffa ni mwalimu wa hesabu, na jambo lililotokea mara moja yeye huliona tayari limetokea mara ya pili.

Januari walipofunga safari ya likizo kwenda Adelaide, Yaffa alingoja mpaka gari liwe katikati ya mashamba ya ngano, mahali ambapo mtu hawezi kushuka kwa hasira.

"Mama," akasema kutoka kiti cha mbele, "kuanzia sasa Sabato iwe nyumbani kwetu. Wewe uje ukae, ule, uimbe."

"Nije nikae? Mimi pambo la mezani?"

"Mama, zimamoto walikuja."

"Walikuja, wakala keki, mmoja akaomba na ya kubebea mkewe. Nani kati yao alilalamika?"

Tovi, mjukuu wa miaka kumi na miwili aliyekuwa amekaa nyuma na bibi yake, alificha uso kwenye mto ili asionekane anacheka. Naftali, aliyekuwa katikati ya mama na mke tangu siku ya harusi yake, akatoa shauri bila kuondoa macho barabarani. Sabato ya likizo iwe mtihani. Jumamosi saa saba mchana cholent ya moto iwe mezani, imepikwa kwa mkono wa Mama peke yake. Ikiwepo na ikilika, neno hili halitatajwa tena. Isipokuwepo, Sabato inahamia kwa Yaffa.

"Hakimu nani?" Gitel akauliza.

"Yaffa."

"Nakubali. Aje na njaa."

Siku tatu za mjini zilikuwa za kucheka tu. Walinunua sokoni mapichi na cheri za kujaza kofia, maana tunda halihitaji cheti cha rabi. Lakini kwenye aiskrimu Naftali alisimama mbele ya friji na orodha ya vyakula vya kosher, vilivyo halali kwetu Wayahudi, kwenye simu, akisoma majina ya unga na rangi moja moja kama mtu anayesahihisha mitihani.

"Baba," Tovi akamwambia, "ikishakuwa supu bado itakuwa kosher?"

Ijumaa asubuhi wakahamia Glenelg, ufukweni. Naftali na Yaffa walitangulia na gari na masanduku. Gitel na Tovi wakapanda tramu kwa raha zao, kutoka mjini hadi karibu mchangani, wakila cheri na kushindana kuhesabu mbwa. Walipofika kwenye fleti waliyopanga, Yaffa, asiyejua wapangaji waliotangulia walipika nini humo, alikwisha kulivika jiko lote karatasi ya foili, huku na huku, mpaka mtu akiingia jikoni anajiona kwa vipande vipande.

"Tunapika au tunaruka kwenda mwezini?" Gitel akauliza.

Maharagwe yalikuwa yamerowekwa tangu alfajiri. Nyama ilikuwa kwenye sanduku la barafu, imetoka kwa mchinjaji wao wa Melbourne. Saa nane mchana Gitel akapandisha mikono ya gauni, akafungua sanduku la vyombo vya maziwa, maana kwetu maziwa na nyama havichangii chombo: vipo vyote. Akafungua sanduku la vyombo vya nyama.

Akalifunga. Akalifungua tena, kama vile mara ya pili lingekuwa na adabu zaidi.

Ndani mlikuwa na sahani ya mboga chungu, vikombe vinne vya fedha, na sufuria iliyofungwa kwa kitambaa cheupe. Lilikuwa sanduku la Pasaka, sikukuu yetu ya kutoka Misri, isiyoruhusu chachu. Vyombo vile havijawahi kuona mkate wala punje ya shayiri tangu Mendel avinunue. Hukaa gereji mwaka mzima vikingoja siku zao nane. Ukipikia cholent ndani yake umekwisha kuviharibia Pasaka. Na gereji alikuwa ameingia nani siku ya kufunga mizigo? Gitel mwenyewe, aliyemkataza kila mtu asiguse.

Naftali akachungulia juu ya bega lake. "Mama, tumekuja na Pasaka."

"Bahari tunayo," Tovi akasema. "Amekosekana Farao tu."

Gitel hakucheka. Aliketi kwenye kiti cha jikoni, mikono mapajani, na uso wake ukawa mdogo. Ingekuwa afadhali Yaffa amcheke. Lakini Yaffa alimwekea mkono begani, akasema kwa upole, "Hakuna ubaya, Mama. Sabato hii tule baridi. Tuna samaki, mayai, jibini. Pumzika."

Upole ule ulimchoma kuliko tusi.

"Naftali," akasema akiinuka, "nenda dukani. Sufuria mpya, kubwa, ya chuma kisichoshika kutu. Kimbia!"

Sufuria ikaja saa tisa, inang'aa. Lakini chombo kipya cha dukani sisi hatukipikii hivi hivi. Ni lazima kwanza kizamishwe chote katika bwawa la kutakasia, au baharini, na kisiwe na kitu kilichokishikilia, hata karatasi ya bei. Bahari ilikuwa mbele ya mlango. Karatasi nayo ilikuwa chini ya sufuria, imegandishwa na mtu ambaye bila shaka hakuwapenda wateja. Walisugua kwa maji ya moto, kwa mafuta ya kula, kwa kucha. Saa kumi ikapita. Sabato ingeingia saa mbili na dakika kumi usiku, maana jua la kiangazi huko huchelewa kuzama; ikishaingia hakuna kupika, na maharagwe hayajui kuharakishwa.

Yaffa akaenda chumbani, akarudi na chupa yake ya kuondolea rangi ya kucha, akaiweka mezani.

Gitel akamtazama.

"Mimi hakimu, Mama," Yaffa akasema. "Si adui."

Karatasi ikatoka. Gitel akaiosha sufuria kwa sabuni mpaka harufu ya dawa ikaisha, akavaa viatu vya plastiki, akavuka mchanga na gauni lake refu na kitambaa chake kichwani, kifuniko katika mkono wa kushoto, familia nzima nyuma yake kama arusi. Watu waliokuwa wamelala juani waliinua miwani. Akaingia mpaka magotini, akakizamisha kifuniko na kukitia kwapani, akasoma baraka kwa sauti ya mtu asiye na haraka, akaishusha sufuria majini.

"Bobe, ishike vizuri!" Tovi akamwambia bibi yake.

"Ukiibana, maji hayapiti chini ya vidole. Lazima uiachie kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo tu. Hivi."

Na alipoonyesha hivi, wimbi likaja.

Sufuria ilizama yote, wimbi likaibinua ikamwaga maji, ikayumba, kisha ikakaa sawa juu ya maji na kuondoka zake kama bata aliyechelewa miadi. Naftali akaivamia na viatu, akaanguka kifudifudi, akainuka na mwani sikioni. Sufuria ilikuwa imekwisha kupita nguzo za kwanza za gati lililokuwa kando yao.

Juu ya gati walisimama wavua kaa na nyavu zao zenye kamba ndefu. Mmoja, mzee mwenye kofia ya majani na tumbo la kuridhika, akainama.

"Kuna mtu anazama?"

"Si mtu!" Gitel akapaza sauti. "Sufuria!"

"Sufuria ya nani?"

"Ya Sabato!"

"Ina kifuniko?"

"Kifuniko ninacho mimi!" Akakiinua juu, kikamulika gati zima.

Mzee akarusha wavu, akakosa. Wenzake wakaacha kazi zao. "Kushoto, Merv!" "Kushoto kwako, si kwangu!" "Merv, hiyo haina miguu na bado inakushinda!" Akakosa tena. Ufukweni watoto walianza kuihesabia sufuria ushindi. Mara ya tatu wavu ukaingia chini ya sufuria, ukaiinua ikidondosha maji, na gati lote likashangilia kama timu yao imefunga bao.

Gitel alipanda ngazi za gati akikimbia. Ndiyo, akikimbia, magoti yale yale. Merv alikuja kumlaki, kaikumbatia sufuria, ameifunika kwa kofia yake.

"Hii hapa, mama. Na kazawadi kadogo, kwa sababu umetuchekesha."

Akaondoa kofia. Ndani mlikuwa na kaa wa buluu, mpana kama sahani, magando juu, yuko tayari kwa vita.

Naftali akaziba mdomo kwa mkono. Kaa! Kati ya vyote vilivyomo baharini!

Gitel akavuta pumzi. Mzee yule alitoa kaa wake mzuri kuliko wote, ilionekana machoni mwake.

"Baba yangu," akasema, "ahsante sana. Lakini sisi Mungu wetu ametukataza kaa."

"Mungu gani anamkataza mtu kaa?"

"Yule yule aliyemuumba, akampa na hayo magando ya kutufukuzia."

Merv akafikiri. "Basi nitakula mimi," akasema, akamchukua kaa kwa nyuma kistadi. "Na sufuria?"

Hapo wote wakamgeukia Yaffa, kwa sababu ndiye hakimu. Yaffa tayari alikuwa anampigia simu rabi wao Caulfield.

"Kaa alikuwa wa moto?" sauti ya rabi ikauliza.

"Baridi, rabi. Tena hai."

"Na sufuria?"

"Baridi."

"Basi hakuna kilichoingia chumani; ioshwe, imekwisha. Ilizama yote, au iliogelea tu?"

Gitel akainyakua simu. "Rabi, hiyo imeoga kuliko mimi!"

Upande wa pili ukasikika mtu anajikaza asicheke na anashindwa. "Izamisheni tena bila baraka, mioyo itulie. Lakini safari hii, Bi Gitel, itieni kamba. Na iwe legelege."

Kamba akaitoa Merv. Akashuka mwenyewe mpaka majini kushika ncha yake.

"Kwa hiyo mnaibatiza?" akanong'ona.

"Tunaiogesha," Gitel akasema. "Na wewe, Jumamosi saa saba mchana, uje ule kilichomo."

Ilipofika saa kumi na mbili unusu cholent ilikuwa motoni. Yaffa alikuwa ameikalia mikono yake ili isimenye kiazi, maana sharti lilikuwa mkono wa Mama peke yake. Kisha likaja lililo gumu. Gitel aliketi kitini, joto la jiko likampanda, na kope zikaanza kushuka. Yaffa aliona. Naftali aliona kwamba Yaffa ameona.

Gitel akafumbua macho. Akasimama, akakisukuma kiti kwa kisigino mpaka ukumbini, akaanza kukoroga na kuimba nyimbo za kiwandani ambazo Mendel alimkataza kuziimba mbele ya watoto. Tovi akapiga makofi. Dirishani jua lilikuwa linateremka kuelekea maji, kubwa, halina huruma. Ilipobaki robo saa Gitel akachota haragwe moja, akaling'ata.

"Bado kidogo."

Dakika nane. Akang'ata jingine. Akatabasamu na haragwe bado mdomoni. Limeiva vya kutosha! Akaifunika sufuria, akaihamishia kwenye sahani ya umeme ambayo ingeitunza ikiwa ya moto mpaka kesho, akafuta mikono, akasimama pamoja na Yaffa na Tovi mbele ya mishumaa. Waliwasha, wakafunika macho. Macho yakiwa chini ya viganja, Gitel alisikia bega la Yaffa linatikisika kando yake kwa kicheko, naye akajua anakumbuka kaa.

Jumamosi saa saba juu ya alama Merv alifika, shati limepigwa pasi, mfuko wa malimau ya mti wake mkononi. Kifuniko kilipoinuliwa, harufu ikatoka ya rangi ya kahawia, harufu ya nyumbani. Merv alikula mabakuli mawili na kuanza la tatu akisema mkewe marehemu angelia. Lakini hakuna aliyemtazama Merv. Walimtazama Yaffa.

Yaffa alikula polepole. Alikula kiazi, akala nyama, akafuta bakuli kwa mkate. Kisha akalisogeza mbele.

"Hukumu haitolewi kwa bakuli moja," akasema.

Akajaziwa. Akamaliza. Naftali alikuwa haondoi macho kwenye kijiko cha mkewe.

"Chumvi imezidi kidogo," Yaffa akasema. Akalamba kijiko. "Sabato ni yako, Mama. Na mwaka ujao. Na ule mwingine."

"Chumvi ndiyo iliyozidi," Gitel akasema, "kwa sababu sufuria imeogelea kilomita mbili!" Akamjazia bakuli la tatu kabla hajaombwa, na Yaffa akacheka, akacheka hasa, kichwa nyuma, machozi mashavuni, mpaka Merv akamkimbilia maji akidhani amepaliwa.