Mkoba wa Spana za Mzee Mizani

Mume wangu watu wote wanamwita Mizani, hata wajukuu. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mizani za madukani. Bucha, duka la nafaka, ghala la pamba, popote mshale ulipokataa kutulia kwenye sifuri aliitwa yeye. Alikwenda kwa pikipiki, mawe ya mizani yamefungwa nyuma, na pikipiki yenyewe ni ile ile aliyonayo mpaka leo. Imemzidi kifungua mimba wetu umri, na adabu pia.

Nasema adabu kwa sababu huyo kifungua mimba ndiye aliyekuja Jumapili moja, akakaa kwenye kiti cha baba yake, akasema amempata mwenye hoteli anayeitaka pikipiki. Si kuiendesha. Anataka kuiweka mapokezi, kando ya maua, iwe pambo.

"Umezeeka, Baba," akasema. "Siku ukikwama huko porini nani atakubeba?"

Pambo! Kitu kilichowalisha na kuwavisha kikae juu ya zulia, wageni wapige nacho picha! Nilifungua mdomo, mzee akaniwahi.

"Nikifika mwenyewe kwa mdogo wako, bila kubebwa na mtu, je?"

Huyo mdogo wake ni kitinda mimba wetu, ameolewa ng'ambo ya vilima.

"Ukifika mwenyewe, sitaitaja tena. Ukikwama, inakwenda hotelini."

Wakapeana mikono. Wanaume wawili wanapeana mikono juu ya kitu kilichomo uani kwangu, na mimi nimesimama pale nimeshika sinia la chai kama meza. Hakuna aliyeniuliza.

Wiki hiyo hiyo kijana akatuletea sanduku la spana, jipya, linang'aa kama meno ya bandia. Spana zote za milimita. Nati za pikipiki ile ni za inchi. Spana moja haiingii, nyingine inaingia na kucheza kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba yake. Mzee akashukuru! Mimi nilitaka lirudi kwa mwenyewe likipita hewani.

Basi akaanza kukusanya vyake. Nilimshonea mkoba wa turubai, ule wa kukunja kama mkeka, kila kifaa na mfuko wake wa kubana, maana spana zikigongana njiani zinalana. Turubai ilinivunjia sindano za cherehani, na bado bwana mkubwa akasimama nyuma yangu akasema mfuko wa bisibisi umekaa upande. Nikamwambia ashone mwenyewe kwa meno.

Ana utaratibu wake, na hausogezi. Alitandika jamvi uani, akaketi na mkoba, akaanza kuifungua pikipiki kana kwamba imeharibika njiani. Ruhusa ni kutumia vilivyomo mkobani tu. Akilazimika kuinuka kufuata kitu ndani, kitu hicho kinaingia mkobani. Kisichogusa pikipiki mpaka kazi inakwisha, kinatoka, hata kama anakipenda. Nyundo yake ya ujana ilitoka hivyo, nikamwona anaigeuza geuza kama mtu anayeaga. Zikabaki spana zake nyeusi, plaisi, spana ya plagi, waya laini wa kufungia, waya wa klachi wa akiba, vyuma vya kutolea tairi, pampu, viraka na gundi. Na kichupa changu cha mafuta ya cherehani nacho nikakiona kimeingia, bila hodi.

"Hicho changu," nikasema.

"Kimegusa pikipiki, mama watoto. Sheria ni sheria."

Halafu ikafika zamu ya gurudumu la nyuma. Pikipiki za kale madigadi zake zimeshuka chini sana, gurudumu halichomoki mpaka pikipiki nzima ilazwe upande. Akaniita nishike. Nikaiegemeza kwenye nyonga. "Inamisha kidogo." Nainamisha. "Usiachie." Siachii, mgongo unalia. Alivuta gurudumu, akalirudisha, akakaza nati, akafuta mikono. Akautazama mkoba wake, akatangaza kwamba hakuna kilichosahauliwa.

Siku ya safari aliondoka asubuhi, kofia imekazwa kidevuni, mkoba umefungwa chini ya kiti. Kijana akanipakia kwenye gari lake tumfuate kwa mbali, eti tuwe mashahidi. Nilipanda nimenuna. Mkanda nilikataa kuufunga mpaka gari lenyewe lilipoanza kunipigia kelele.

Tulimkuta juu ya vilima, mahali ambapo nyumba zimekwisha na barabara imebaki changarawe. Amekaa kwenye jiwe. Tairi la nyuma limelala, halina upepo. Mkoba umetandazwa vizuri, nati zote zimelegezwa, lakini gurudumu bado limo.

"Umekwama, Baba?" Kijana tayari ana simu mkononi kuita lori.

"Nimesahau plaisi ya pili," mzee akajibu.

Plaisi ya pili! Niliangalia chini. Changarawe imechimbika, na suruali yake imechanika gotini. Nikajua. Enzi za mizani alikuwa akiilaza ile pikipiki begani, akachomoa gurudumu kwa mkono mmoja. Leo bega limekataa, imemwangukia, ameiinua kwa shida, na yuko radhi kuisingizia plaisi kuliko mwanawe ajue. Nilimwelewa, na hasira ndiyo kwanza ikapanda, maana kifaa alichokosa kilikuwa kinakuja nyuma yake kwenye gari, kimefungwa mkanda!

Nikashuka, nikakunja mikono ya gauni, nikaishika pikipiki.

"Haya, vuta."

Akavuta. Gurudumu likatoka.

"Mama, hapana," kijana akasema. "Tulikubaliana afike mwenyewe."

"Mlikubaliana na nani? Mimi nilishika sinia. Mkoba huu umeshonwa na nani? Mafuta ya nani haya? Kule uani gurudumu alilitoa na nani, malaika?"

"Lakini yeye mwenyewe alisema..."

"Baba yako alisema uongo."

Mzee alikuwa ameketi na tyubu, anaipitisha karibu na shavu asikie upepo unapotokea. Hakuinua uso.

"Mwambie," nikasema. "Mwambie hiyo plaisi ya pili inaitwaje."

Akalipata tundu. Akalikwangua, akapaka gundi, akaipuliza.

"Bega limekwisha," akasema, akiiambia ile tyubu. "Siwezi kuilaza peke yangu. Bila mama yako sivuki hata mtaa wa pili."

"Sasa Baba, si ndicho ninachosema?"

"Ndicho nini?" nikamkata. "Amesema bila mimi. Mimi hapa sionekani?"

"Mama, na wewe una miaka..."

"Malizia. Malizia hayo maneno nikusikie vizuri."

Alimtazama baba yake pale chini anavyokibana kiraka kwa vidole gumba, ulimi nje kama mwanafunzi. Halafu simu akairudisha mfukoni.

"Nitamwambia nini mwenye hoteli?"

"Mwambie aongeze maua."

Wakarudisha gurudumu pamoja, mimi nimeshika, nikimwamuru kijana asikae mbele ya mwanga. Nati zikakazwa, spana zikarudi mifukoni mwake. Mzee akapiga teke, injini ikakohoa, ikaitikia. Akaanza kunipa pole ya mgongo. Nikamwambia pole akaipe plaisi yake. Mimi ninapanda, na kuanzia leo hakuna safari ya pikipiki hii nisiyokuwemo. Atakayeona haya kunihesabu mbele za watu, atembee kwa miguu.

Nikapanda, kijana akinishika kiwiko. Kofia akanivalisha yeye, akanibana sikio.

Tukashuka vilima. Yeye akaja nyuma yetu na gari lake mwendo wa pole njia nzima, taa zinawaka mchana kweupe, utadhani anasindikiza jeneza. Nikamwambia mzee aongeze mafuta.