Mwisho Alioushona Gundi

Kazini walimwita Gundi, na jina hilo hakulichukia. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameketi kwenye chumba cha nyuma cha maktaba ya mji, chenye dirisha moja linalotazama ukuta, akitibu vitabu. Neno "kutibu" lilikuwa lake mwenyewe. Kitabu kikiletwa kimevunjika mgongo, alikifumua chote, akasugua gundi kuukuu kwa kitambaa cha maji ya moto, akapanga kurasa upya, akazishona kwa sindano nene na uzi uliopakwa nta, kisha akakibana kati ya mbao mbili zenye skrubu na kukiacha siku nzima. Gundi kavu haikutoka vidoleni mwake hata akisugua vipi. Wifi yake alizoea kumwambia mezani, "Usinishike mkono, wifi, tutabandukana kesho."

Aliishi katika nyumba aliyozaliwa. Watu waliiita Nyumba ya Hakimu hata baada ya hakimu mwenyewe, baba yake, kulala kaburini miaka kumi na minne. Picha yake katika joho la mahakama ilitundikwa sebuleni, juu ya kiti ambacho sasa alikikalia kaka yake, mwalimu mkuu mstaafu, aliyerithi kiti pamoja na sauti. Chumba cha mwisho ukumbini ndimo alimolala mama yao. Kiharusi kilimchukua upande mmoja wa mwili na maneno yote, kikamwachia mkono wa kushoto na macho. Gundi ndiye aliyemgeuza, akamwosha, akamlisha, akamchana nywele na kuzigawa upande wa kushoto, kama mama alivyozigawa tangu usichana wake.

Hakuolewa. Alipokuwa na miaka ishirini na mitano alikuja mchumba mmoja, mwenye duka la vitambaa, mtu mpole. Hakimu alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza jina la baba yake, na aliposikia jibu akainuka. Baba wa kijana yule aliwahi kusimama kizimbani mbele yake. Mambo yakaishia hapo, na nyumbani hayakuzungumzwa tena.

Sasa, katika maktaba ile, vitabu vilivyougua mara nyingi havikuwa vya sheria wala vya historia. Vilikuwa riwaya za mapenzi, hasa zile za kuchekesha, zinazowakutanisha watu wasioelekeana hata kwa dawa: daktari wa meno na mwanamume anayezimia akiona koleo, askari wa barabarani na dereva aliyemkamata mara tisa kwa kosa lilelile, mwalimu wa kwaya na jirani anayefuga majogoo. Watu walivisoma kwenye foleni, jikoni, kitandani, na kurasa za mwisho ndizo zilizokufa kwanza. Wengine walianza kusoma kutoka mwisho, ili wahakikishe. Wengine walizichana wakaenda nazo.

Utaratibu ulikuwa wazi. Kurasa zikikosekana, maktaba huandikia maktaba nyingine, hupata nakala, na Gundi huishona. Nakala ikikosekana popote, kitabu hugongwa muhuri: KURASA ZA MWISHO HAZIPO. Muhuri huo Gundi hakuuweza. Kwake ilikuwa kama daktari kumwandikia cheti cha kifo mtu mwenye kikohozi. Basi alikisoma kitabu chote, akaandika mwisho yeye mwenyewe, akauchapa kwa herufi zinazofanana, akaipitisha karatasi kwenye chai ya rangi ili ionekane imezeeka, akaishona. Katika miaka minane alifanya hivyo kwa vitabu kumi na kimoja. Wapenzi wote aliwaoza. Hakuna msomaji aliyenung'unika.

Aligundua mmoja tu. Alikuwa mhudumu wa chumba cha maiti katika hospitali kubwa, mtu wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwenye kola safi. Mjini walimwita Baridi. Kila Jumamosi asubuhi aliazima riwaya tatu za mapenzi ya kuchekesha, na dada wa kaunta alipokea kadi yake kwa ncha za vidole viwili. Jumamosi moja alibisha hodi chumba cha nyuma akiwa na kitabu cha daktari wa meno.

"Wewe ndiye unayeshona, dada?"

"Ni mimi. Kimekuchanikia?"

"Hapana. Nimekuja kuuliza mwisho huu kaandika nani."

"Mwandishi. Nani mwingine?"

"Mwandishi huyu watu wake wakifurahi hupiga kelele. Kurasa mia mbili wanapiga kelele. Hizi tatu za mwisho, wanafurahi kimyakimya. Mtu haachi tabia yake mlangoni pa harusi."

Gundi alisimamisha sindano. "Utanisema?"

"Kwa nani? Ninaoshinda nao mimi hawasemi."

Alicheka. Alicheka mpaka sindano ikamdondoka, na akashangaa kuisikia sauti yake chumbani mle.

Tangu siku hiyo Baridi hakuishia kaunta. Aliketi juu ya sanduku la vitabu vilivyofutwa, yeye akisoma, Gundi akishona. Hakusimulia habari za wafu. Alisimulia habari za wanaowaleta. "Mtu akifiwa huchanganyikiwa," alisema. "Wananiletea viatu viwili, vyote vya mguu wa kushoto. Nawarudisha nyumbani taratibu. Simtoi mtu kwangu na mguu mmoja peku, wala nywele hazijachanwa." Mkewe alimwacha zamani, akisema hawezi kula alichokishika yeye. Gundi alimuuliza kwa nini anasoma mapenzi, tena ya kuchekesha.

"Nikitoka kazini nataka kusoma mambo ambayo hayawezi kutokea."

Mwaka ukapita, na nusu ya mwingine. Jumamosi moja Baridi alimwekea Gundi mezani riwaya ya fundi majeneza na mpishi wa keki za harusi. Wawili hao walitenganishwa na ukuta mmoja na walitumia dereva mmoja, ambaye kwa uzembe wake alipeleka jeneza ukumbini na keki ya ngazi tatu makaburini. Kurasa za mwisho hazikuwamo. Gundi alipitisha kidole kwenye mshono. Hazikuchanwa. Zilikatwa kwa wembe, wima kabisa, mbali kidogo na uzi ili mshono usilegee.

"Umekiua mwenyewe," alisema.

"Nimekikata. Sijakiua." Baridi alikuwa anatazama sakafu. "Kwa mdomo nimeshindwa kukuuliza, dada. Umalizie wewe. Ukimaliza kirudishe rafuni, nitakisoma kama mwanachama yeyote. Mwisho utakaouandika ndio jibu lako. Sitakuja kubishana."

Walikuwa watu wazima wenye ndimi zao, na neno moja lingetosha. Lakini Gundi hakumwambia hivyo. Alikifunga kitabu kwenye kitambaa, akaenda nacho nyumbani.

Jumapili, wakila, alimwambia kaka yake kwamba kuna mtu.

"Anafanya kazi gani?"

"Yuko hospitali, kaka."

"Daktari?"

"La."

"Muuguzi?"

"Yuko mochwari."

Wifi aliweka kijiko chini. "Angalau hatakosa wateja," alisema, akacheka peke yake.

Kaka aliitazama picha ukutani, kisha akamtazama dada yake. Hakupandisha sauti. "Baba alimkataa mtoto wa mtu aliyesimama kizimbani, na yule alikuwa na duka. Leo mimi nimkaribishe chini ya picha hii mtu anayeosha maiti? Watu watanipa mkono, halafu wanuse vidole vyao."

"Baba naye alioshwa na mtu kama huyo, kaka."

"Alioshwa naye. Hakuketi naye mezani." Alikunja kitambaa chake. "Una miaka arobaini na saba. Sikufukuzi, na sikufungi. Ukitaka kwenda, utakwenda kwa miguu yako. Lakini mikono inayoshikana na ile haitamgusa mama. Mlango wa chumba chake utakuwa umeufunga wewe."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mlinzi wa kitu alichokabidhiwa, na hakujua namna nyingine ya kukilinda ila kubana.

Gundi alikwenda kumgeuza mama. Mlango ulikuwa wazi na mama alikuwa amesikia yote. Alimkamata binti yake kiganja kwa ule mkono wa kushoto, akaukaza kwa nguvu ambazo Gundi hakujua kama bado anazo, akamkazia macho. Maana yake ilikuwa "nenda", au ilikuwa "usiniache". Gundi alisimama hapo mpaka mkono ukalegea wenyewe. Akaamua ni "usiniache".

Aliandika kwa siku nne, wakati wa mapumziko ya mchana. Mara ya kwanza, fundi na mpishi waliubomoa ukuta, na vumbi la tofali likatua juu ya keki na juu ya jeneza bila kubagua. Aliusoma, akajua hajawahi kuandika mwisho mzuri kuliko ule. Aliuchana vipande vipande akautia kwenye ndoo ya gundi. Kisha akaandika mwingine. Mpishi alikwenda kwa fundi na kumwomba ukuta uongezwe unene, ili asisikie randa ikipita kwenye mbao. Fundi akaujenga mwenyewe, tofali kwa tofali, bila kuuliza. Gundi akaupitisha kwenye chai, akaushona, akakibana kitabu, na Ijumaa akakipeleka rafuni.

Jumamosi alifunga mlango wake. Alisikia viatu vya Baridi vikifika kwenye rafu ya mapenzi, vikasimama muda mrefu, kisha vikaondoka. Hakubisha hodi. Alikuwa amesema hatakuja kubishana, na alikuwa mtu wa neno lake. Wiki iliyofuata dada wa kaunta alisema, kwa nafuu iliyo dhahiri, kwamba Baridi amerudisha kadi ya uanachama.

Haukupita mwezi, mkuu wa maktaba akamwita Gundi. Kitabu kilikuwa mezani kwake.

"Hiki si cha kuchekesha?"

"Ndiyo, mkuu."

"Mama mmoja amekirudisha analia. Anasema alikisoma zamani, mara mbili, na mwishoni hawa wawili walioana. Nimempigia mchapishaji. Huu mwisho si wao." Alivua miwani. "Ni wewe?"

Gundi angeweza kukana. Alikuwa binti wa hakimu, na hakufundishwa kukana. "Ni mimi. Na vingine kumi na kimoja."

Mkuu alisema hatamwondoa, kwa kuwa hakuna mtu mwingine mjini anayeiweza kazi ile. Lakini atavifumua vyote kwa mkono wake, na atavigonga muhuri. Gundi alirudi chumbani akiwaza jambo moja. Miisho kumi na mmoja ilikuwa uongo na hakuna aliyelalamika. Alipoandika kweli mara moja, ndipo walipomkamata.

Ilimchukua wiki mbili. Alikata uzi, akatoa kurasa, akagonga. Daktari wa meno akabaki na koleo mkononi. Askari wa barabarani akabaki barabarani.

Mama alifariki asubuhi ya Jumanne, miezi mitano baadaye. Hospitalini kaka alishindwa kuingia mochwari; alisimama kando ya gari, mikono nyuma, kama anayengoja kengele ya shule. Gundi aliingia na mfuko wa nguo.

Baridi alikuwa amevaa aproni na glavu. "Pole sana, dada," alisema, kama anavyomwambia kila mtu. Alipokea mfuko, akatoa viatu, akavilinganisha. "Viko sawa. Kulia na kushoto. Nywele zake zinagawanywa upande gani?"

"Kushoto."

Baridi aliingia na mfuko chumba cha ndani, na aliporudi alimwita kaka naye. Mama alikuwa amelazwa vizuri, na ule upande wa uso uliopindika miaka yote ulikuwa umetulia. Kaka alitazama muda mrefu. "Amerudi kama alivyokuwa," alisema, na sauti ya hakimu ilikuwa imemtoka. Akanyoosha mkono. Baridi alivua glavu kwanza, akanawa, akajifuta, ndipo akaupokea.

Kaka alipotoka, Baridi alivuta droo na kumpa Gundi bahasha. Ndani yake mlikuwa na kurasa tatu zilizokatwa kwa wembe.

"Hizi ni mali ya maktaba. Nilipaswa kuzirudisha mapema."

"Ulikisoma?"

"Nilikisoma nimesimama palepale. Uliandika vizuri. Ule ukuta niliuona."

Gundi alikunja bahasha, akaikunjua. "Mama hayupo tena," alisema. Hakuwa na namna nyingine ya kulisema lile alilotaka kusema.

Baridi alimwelewa, ilionekana usoni. "Mimi nikizika, dada, nazika," alisema. "Kazi yangu isingewezekana vinginevyo." Kisha akamsogezea daftari. "Weka sahihi hapa."

Garini kaka alisema, "Yule bwana ana adabu. Ni nani?"

"Ndiye, kaka."

Kaka hakuwasha gari. Alitazama mkono wake wa kulia uliolala juu ya usukani. Hakunusa vidole vyake. Kisha akawasha gari.

Msiba ulipokwisha, Gundi alirudi kazini na kukifumua tena kitabu cha fundi na mpishi. Muhuri aliupiga mstari wa wino, na mahali pa mwisho wake uliokwisha kutolewa akaweka zile kurasa tatu za asili, akaziunganisha na vishina vilivyoachwa na wembe kwa ukanda mwembamba wa karatasi. Alizisoma akishona. Fundi na mpishi walipiga kelele kurasa zote tatu. Ukuta hawakuubomoa, walitoboa mlango tu, na mlango ukaning'inia kombo mpaka mwisho. Alikiweka kati ya mbao, akazungusha skrubu mpaka ikagoma.

Kesho yake alikipeleka rafuni mwenyewe. Kabla ya saa sita kilikuwa kimeazimwa.