Nani Alikupa Kinywa cha Feza?

Mwanangu, kuna siku moja ninayoikumbuka mpaka leo, na hasira yake haijapoa hata kidogo.

Nilikuwa shefu wa klasi, yaani kiongozi wa darasa, kwenye masomo ya jioni hapa Kasongo, na sauti yangu, bila kutia chumvi, ilisikika Kabambare. Mtawa mmoja alitufundisha Kiitaliano, maana kwao Italia kulikuwa na nafasi moja ya kwenda kujifunza ushonaji. Nafasi hiyo aliitaka Feza, mjane kutoka Kabambare. Alisafiri siku tatu kwa pikipiki kuja hapa. Kwa matope yale, nadhani yeye ndiye aliyeibeba.

Jioni ile tulifundishwa kusimulia mambo tuliyokuwa tukiyafanya kila siku zamani. Parlare, kusema: kata mkia “re”, bandika “vo”, unapata parlavo, nilikuwa nikisema. Cucire, kushona: cucivo. Kisha wewe una mkia wako, yeye wake, sisi wetu. Hapo Feza akainua mkono. Lakini pua yangu ilikuwa imeshafika arusini kwa binamu yangu, kwenye pilau. Nikaushusha mkono wake, nikanguruma, “Tumeelewa wote, mama!” Darasa likafungwa.

Juma lililofuata, kwenye mtihani wa nafasi ile, Feza akaulizwa kwa Kiitaliano, kwao walikuwa wakiishi vipi. Akaanza, akakwama. Nafasi ikaenda kwa mwingine.

Mzee Sumaili, mlinzi wa shule, alinisubiri mlangoni.

“Wee shefu! Nani alikupa kinywa ya Feza?”

“Mzee, somo lilikuwa jepesi...”

“Jepesi? Basi sema! Sisi tulikuwa tunashona, wanasema namna gani?”

Nikafumbua mdomo. Nikabandika mkia huu, nikabandika ule, yote si yenyewe. Hata mimi sikuwa nimeelewa, mwanangu!

“Unaona? Tumbo yako iko na pilau, mutoto ya watu iko na machozi.”

Leo naijua: cucivamo. Naijua kuliko jina langu. Lakini Feza alikuwa amekwisha kupanda pikipiki kurudi kwao.

Na jana nimekusikia wewe ukimjibia dada yako mbele ya mwalimu! Nilichemka kama sufuria ya maharage. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kumziba mwenzako mdomo. Usiseme “tumeelewa” kabla hujamtazama aliyeinua mkono. Nawe usipoelewa, sema.

Mungu akupe ulimi usioona haya kusema “sijaelewa”, na moyo wa kumngoja mwenzako. Amina.