Mchungwa Ulionyweshwa Udhu

Siku Feruzi alipozikwa Ruashi, mvua ya kwanza ya mwaka ilishuka kwa nguvu, na vijana wakachota maji kaburini kwa ndoo kabla ya kumshusha. Rehema, mjane wake, alipoambiwa, alifunika uso kwa kitenge.

"Leo ndiyo banamupa mayi," akasema.

Marehemu alitunza shamba la michungwa la Anaclet, tajiri wa mtaa wa Golf, kwenye barabara ya Lukafu. Miche aliipanda mwenyewe, na nyumba aliyokaa na Rehema ilikuwa humo humo shambani. Bila kazi, hakuna nyumba.

Mipira myeusi ilipita kila mstari ikidondosha maji mashinani. Kiangazi cha mwisho Anaclet alileta fundi, akafukia kipima unyevu chini ya mchungwa mmoja karibu na lango, akasimika nguzo fupi ya kushika waya. Toka hapo habari za udongo zilimfikia Anaclet kwenye simu, naye akawa anawasha pampu kwa simu hiyo hiyo, akiwa kwake Golf. Feruzi aliambiwa neno moja tu: asikiguse.

Hakukigusa. Lakini nguzo ilifaa kutundikia koti, na chini palikuwa pamefyekwa vizuri. Akawa anatawadha pale kwa birika, sala zote tano. Alipenda maji ya udhu yaangukie mti, yasikanyagwe na watu.

Joto la Septemba likaja. Majani ya mistari ya mbali yakajikunja. Feruzi akapiga simu.

"Patron, miti iko nakauka. Fungula mayi."

"Simu inaonyesha udongo iko chepechepe, Papa Feruzi. Ao unatafuta mafuta ya mazutu ya pampu ya kuiba?"

Feruzi akaenda kwenye kipima, akachimba kwa kidole. Udongo ulishikamana kama ugali wa bukari. Akaona mashine haisemi uongo, hakupiga simu tena, akamwomba Mungu mvua.

Anaclet alifika miti ikiwa imekwisha kufa. Mmoja tu ulikuwa kijani.

"Nani anamwanga mayi hapa?"

"Ni miye, patron. Niko natawaza hapa."

Anaclet alimtazama, kisha akacheka. Akawaita wafanyakazi wote.

"Tawaza tena. Tuone."

"Patron, saa ya sala haiyafika."

"Tawaza, nasema!"

Feruzi akaosha mikono, akasukutua, akaosha uso. Alipomaliza miguu wakangoja maji yazame, na Anaclet akainua simu juu.

"Inapanda! Mwangalie ule muntu! Mungu yake inakunywa, miti yangu inakufa na kiu!"

Watu wakacheka. Chanda, aliyekula kwa Feruzi kila Idi, alicheka mpaka akashika tumbo.

Kisha Anaclet akampa shoka aukate ule mti wa kijani. Akaukata. Akaamriwa nyumba iwe tupu kabla ya jioni.

Alasiri, kando ya barabara, kati ya mizigo yao, Rehema alimjazia birika. Feruzi hakulipokea. Alipiga viganja kwenye vumbi, akapaka usoni, akapaka mikononi, kama msafiri aliyekosa kisima.

"Papa Idrissa," Rehema akasema polepole, akimwita kwa jina la mtoto wao, "mayi iko."

"Miti ilikosa," akajibu. "Na miye nikose."

Akaelekea kibla. Toka siku hiyo hakutawadha tena kwa maji, mpaka alipooshwa na wengine.