Maji Niliyoumwagia Mti wa Amani

"Donc, yaani unataka kufukua kitovu ya mtoto?" Tate alimuuliza shangazi Neema.

"Mama, mti unaoza. Shika udongo, utasikia harufu."

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, tukiishi Louisville, Marekani, niliusikiliza ugomvi huo nyuma ya mlango wa jikoni. Tate, ndivyo tulivyomwita bibi yetu, alikuwa amezika kitovu cha mdogo wangu Amani chini ya mti ule kando ya barabara, kama walivyofanya kwao milimani Kivu, Kongo. Aliuchagua mwenyewe dukani kwa kuwa majani yake yalimkumbusha miti ya mtoni. Alituonya kwamba ukikauka, mtoto naye atakauka.

Kiangazi kile lami ilichoma nyayo. Kila nilipoona jani limejikunja, nilimwona Amani. Basi niliumwagia maji asubuhi, mchana na jioni, bila kumwambia mtu. Majani yakageuka manjano. Nikaongeza maji.

Shangazi alikuwa amerudi kutoka Arizona, kwenye mji wa jangwani alikofanya kazi ya kupanda miti ya barabarani. Alisema hata kule jangwani mti unaweza kufa kwa maji ya kila siku, kwa sababu mizizi hukosa pumzi. Humwagiliwa mara chache, polepole, mbali na shina, mpaka maji yazame. Tena huchaguliwa kwa kuangalia udongo na jua la pale utakapoishi. Wetu haukuiweza lami. Alitaka kuuhamishia uani, kwenye kivuli. Tate alikataa katakata.

Wiki ile Amani akapata homa. Alikataa kunyonya, midomo ikamkauka. Mama alipomkimbiza hospitali, mimi nilikwenda mtini na ndoo mbili.

Baada ya siku tatu alirudi akiwa na nafuu. Lakini majani yaliendelea kudondoka, nami sikuweza kula. Nilingoja siku nyingine ya homa. Mwishowe nilimfuata Tate sebuleni.

"Ni mimi ninamuua Amani," nikamwambia, nikamweleza habari ya maji.

Hakunigombeza. Alinitazama sana, na nikaona kwamba yeye pia anaogopa, pengine kunizidi. Sasa nina miaka kumi na saba. Shule niliiacha ili nimtunze Tate, na ninapomwosha miguu huwa nafikiria siku ile. Sidhani kama aliwahi kuacha kuamini habari ya mti na kitovu. Ndiyo maana jambo alilofanya naliona kubwa: hofu ilikuwa yake, nasi watoto tulikuwa tumeibeba, akaichukua yote.

Aliinuka, akafungua mlango. Shangazi alikuwa ameketi ngazini.

"Neema, kuja uuhamishe," akasema. "Kama kuna kitu itadai, inidai mimi. Watoto iwaache."